Siti Laini Iliyompandisha Mke Wangu Coaster

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Sakina, Arusha, aliniandikia: "Kaka, nimevuta pikipiki mpya, TVS, ila siti inaniua kiuno. Mchumba naye kapanda mara mbili tu, sasa kila nikimwambia twende mahali ana kazi. Ninunue siti gani?"

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Swali lake limenigusa pabaya. Siti nimezilipia mara tatu, na inayokaliwa na binadamu ni moja. Nyingine iko banda la kuku, tetea mmoja ameifanya kiota na sijaona sababu ya kumfukuza. Ya katikati sipendi hata kuikumbuka, lakini nitaisema.

Mimi ni mtu wa Pasua, Moshi. Kazi yangu iko Boma Ng'ombe, duka la dawa za mifugo, na tangu 2019 Boxer yangu inakwenda Boma na kurudi siku sita kwa wiki. Sibebi abiria wa kulipa. Abiria wangu ni mmoja, Mama Nuru, na safari zetu ni za Jumamosi na Jumapili: misiba, harusi, kipaimara, kumsalimia shangazi kule Marangu. Mnaokaa huku mnajua, ukoo wa Kichaga haukupi wikiendi ya kulala.

Siti ya kiwandani haikuwa mbaya. Mwaka wa tatu ndipo sponji ikalala. Kwa nje unaiona imejaa, reksini imevutika vizuri, ila ukishaikalia plastiki ya chini inakusalimia kwenye kila tuta. Na barabara ya Moshi–Arusha mnaijua kwa matuta, ukitoka kwenye tuta unaingia kwenye tochi ya trafiki. Nikaanza kuendesha nimeegemea tako moja, nikichoka nahamia la pili. Mama Nuru alikuwa analalamika kwa upole tu, "Baba Nuru, leo mgongo," halafu ananyamaza.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Nikaona picha ya siti kwenye simu. Ya ngazi: dereva chini, abiria juu, mishono myekundu, nyuma imeinuka kama mkia wa jogoo. Muuzaji yuko Kariakoo, bei 65,000, akaituma kwa basi. Ilipofika nikaibonyeza kwa dole gumba, likazama mpaka kucha ikapotea. Nikasema hii ndiyo yenyewe. Nikaifunga jioni ileile, nikatoka Pasua hadi mnara wa saa, nikapanda hadi YMCA, nikarudi. Kama nimekalia mkate wa mayai! Nikampigia rafiki yangu kujisifu. Dakika kumi na tano zile ndizo nilizotumia kuamua jambo la miaka.

Jumapili iliyofuata tukawa na kipaimara cha mtoto wa dada yake Mama Nuru, Tengeru. Zaidi ya kilomita 60 kutoka kwetu. Mwenzangu kavaa gauni la kitenge cha kijani na kilemba chake, amepakata zawadi. Hadi Boma safari ilikuwa nzuri, nikawa nauliza, "Unaionaje?" ananijibu, "Safi." Tulipopita njia panda ya KIA hakujibu. Baadaye nikahisi ananisukuma. Nikadhani ananikumbatia, nikatabasamu mwenyewe ndani ya helmeti. Kumbe anateleza! Ile ngazi ya nyuma ilikuwa imelala kuja mbele, reksini inang'aa kama sahani, kila nikishika breki anashuka kama gunia, na mimi nabanwa kwenye tangi mpaka sehemu ambazo sitazitaja hapa. Sponji tamu ya jana ilikuwa imeshazama yote, tumekalia plastiki. Na kwa kuwa amekaa juu zaidi, upepo wote unampiga kifuani, kilemba anakishika kwa mkono mmoja.

Kikatiti akanigonga begani. Tukasimama, akatembea kidogo, akanyoosha mgongo, akapanda. Maji ya Chai akagonga tena. Usa River sikusubiri kugongwa.

Sherehe ilikwenda vizuri, tulikula, tulicheza, mtoto akafurahi. Saa kumi na moja jioni natoa pikipiki, Mama Nuru kasimama barabarani na mkoba wake. Akaniambia taratibu, mbele ya shemeji zangu: "Baba Nuru, mimi narudi na gari." Coaster ikaja, konda akamfungulia, akapanda.

Niliifuata ile Coaster hadi Moshi. Ningeweza kuipita, ila sikuipita. Nakiona kilemba cha kijani dirishani, nyuma yangu siti ya mishono myekundu imebeba hewa. Boma gari likasimama, akina mama wa ndizi wakalizunguka, nami nikasimama pembeni yake. Akanunua ndizi mbivu, akanipa mbili kupitia dirishani. Hakusema kitu, nami sikusema kitu. Vijana wa kijiwe cha bodaboda pale wananijua, nawauzia dawa za kuku, na mmoja akapaza sauti: "Mangi, umefukuzwa?" Walicheka wote. Miaka imepita na bado wapo wanaoniita Coaster.

Nawaeleza haya kwa urefu ili mjue ushauri wangu sikuuokota.

Ulaini wa siti dukani ni uongo. Sponji laini inakubali haraka, ndiyo maana inapendeza kidoleni, lakini uzito wa mtu mzima ukishakaa nusu saa inakuwa imekwisha, umefika chini. Fikirieni godoro la wageni, lile jembamba: saa mbili usiku unalisifu, saa nane unahesabu mbao za kitanda. Siti njema inakaza kidogo mwanzoni, kisha inakubeba. Huko Marekani kuna watu wa Corbin, mji wa Hollister, California. Mteja anaweza kwenda na pikipiki yake mwenyewe akatengenezewa siti palepale, na siti zao zinasifika kwa ugumu, unazizoesha kama kiatu cha ngozi. Mwenye jina hilo, Mike Corbin, mwaka 1974 alikimbiza pikipiki ya umeme kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville zaidi ya kilomita 260 kwa saa. Mtu aliyekalia mwendo huo akichagua sponji ngumu, mimi wa Pasua nibishe nini? Bei zao lakini si za kwetu. Siti moja ya namna hiyo, pamoja na kuisafirisha, inakaribia kununua pikipiki nyingine iliyotumika. Tuwaachie wenye pikipiki kubwa.

Niliporudi na aibu yangu nikampelekea fundi siti ileile ya zamani aijaze upya. Jina lake na mtaa wake navihifadhi. Alichukua kipande cha godoro kuukuu, akakikata, akakishindilia, akavalisha reksini yenye mshono katikati kabisa, pale mtu anapokaa. Ilipendeza sana kipindi cha kiangazi. Masika yakafika. Mvua ikapenya kwenye mshono, godoro likanywa, na kila nilipokalia likanitemea. Siku mbili mfululizo nilifika dukani suruali imelowa nyuma, wateja wananiuliza dawa ya minyoo huku wanatazama pembeni. Mzee mmoja wa Kimasai akaniuliza kama naumwa.

Nilikuwa nimekata tamaa. Aliyeniokoa ni Mama Nuru mwenyewe. Kuna mzee karibu na soko la Mbuyuni anashona makochi na siti za daladala, mke wangu alimpelekea kochi letu. Akaniambia, "Huyu ana miaka thelathini anashughulika na makalio ya watu, mpelekee." Nikaenda. Swali la kwanza la yule mzee lilinimaliza: "Na huyo anayekaa nyuma yuko wapi?" Nikasema nyumbani. Akasema, "Kamlete."

Mzee alichukua kipande cha boksi gumu, akakiweka kwenye ngazi ya saruji, akatukalisha mmoja mmoja tukae tuli. Ukinyanyuka unaona mabonde mawili madogo: hapo ndipo mifupa ya makalioni inapobeba uzito wako wote. Yangu na ya Mama Nuru hayakulingana, yake yalikuwa mbalimbali zaidi. Wanawake wengi wako hivyo kwa maumbile ya nyonga. Kwa hiyo pale nyuma panatakiwa upana kuliko mbele, na siti nyingi za mtindo zinafanya kinyume, zinakwenda zikichongoka kama mdomo wa ndege. Picha inavutia, mifupa inaning'inia nje.

Kisha akatuuliza tunakaaje. Mama Nuru akivaa kitenge hukaa upande, mimi sipendi, nimemwambia mara nyingi kukaa kwa kutanua miguu ndiko salama, ila siku ya msiba hawezi. Mzee hakubishana naye. Alizungusha ukingo wa pembeni ukawa duara, ule ukingo mkali ndio unaozuia damu mapajani mtu akikaa upande. Nyuma akapafanya bapa kabisa, hapalali kuja mbele. Ngazi akaipunguza ikawa ya kina cha vidole viwili tu.

Ndani aliweka sponji ngumu, ile iliyogandishwa kwa vipande vya rangi rangi, akaichonga kwa kisu kirefu na kuisugua kwa msasa. Juu yake tabaka jembamba la sponji ya kawaida, kama sentimita mbili. Kisha nailoni nzito kuzuia maji, kisha reksini yenye vipele isiyoteleza, mishono yote pembeni. Nilipoona siti imepanda nikaogopa, mimi si mrefu, kwenye foleni nasimama kwa vidole. Akapunguza upana pale mbele karibu na tangi ili mapaja yasitanuke, na miguu ikafika chini. Kazi nzima 40,000 na soda mbili.

Nilipoikalia mara ya kwanza niliona ngumu. Nilikasirika hata, nikasema nimeliwa tena. Yule mzee akasema niende Boma wiki nzima kwanza ndipo nije nigombe. Sikurudi kugomba.

Kijana wangu wa Sakina, utaniuliza kuhusu mito ya jeli na ya kupuliza. Ya jeli, ukiegesha juani saa saba mchana, ukirudi unajichoma. Itafutie kivuli au kipande cha khanga cha kufunikia. Ya kupuliza, kama Airhawk, inafaa safari ndefu, ila hujazwa hewa kidogo tu. Wengi wanaijaza kama mpira halafu wanayumba wanalaumu mto. Na kabla hujatoa hela yoyote, tazama shokapu za nyuma. Zina hatua za kukaza, na kama umeziacha za mtu mmoja huku mnapanda wawili, hakuna siti itakayokusaidia. Upepo wa tairi vilevile.

Lakini zaidi ya yote kaeni. Kaeni wote wawili, muda mrefu. Omba siti ya rafiki mwenye pikipiki kama yako, mwende nayo hadi Usa River na kurudi, ndipo uamue. Dole gumba halisafiri.

Na hapa wanaume wenzangu niwaambie, hata mkinuna. Tunanunua taa za kuwakawaka. Tunanunua honi ya treni, tunabandika Simba na Yanga kwenye ngao, tunapaka rimu rangi. Aliyekaa nyuma, anayeshika mtoto, anayeshika keki ya kipaimara, hatujamuuliza hata siku moja anakalia nini. Akisema mgongo unamuuma tunasema wanawake hawana uvumilivu. Muulize! Mpeleke kwa fundi akae kwenye boksi kama ulivyokaa wewe. Mchumba wako hana kazi, ana maumivu, na ameona aibu kukwambia. Nimejua hayo nikiwa nyuma ya Coaster, wewe nakupa bure.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Marangu kwa shangazi. Kwenda mlima, kurudi giza na ukungu. Tulipofika nyumbani Mama Nuru alishuka, akavua helmeti, akaingia ndani kuwasha jiko, akatoka tena kuniuliza kama mafuta ya taa yamebaki. Nilisubiri neno "mgongo" mpaka chakula kikaiva, halikuja.

Jumamosi hii ni zamu ya Same, safari ndefu kuliko zote tulizowahi kwenda. Ameshakubali, kwa sharti kwamba nibadilishe kwanza mpira wa kanyagio lake la kushoto. Mpira nimeununua tangu jana, uko mfukoni.