Ukipewa umeneja, uliza kwanza unasaini mpaka shilingi ngapi

Wadogo zangu mliopandishwa vyeo juzi juzi hongereni sana, ila mnarudia yale yale. Mtu kashabadilisha saini ya email na status ya WhatsApp, ukimuuliza unaidhinisha mpaka kiasi gani, hajui. Nawapenda ndo maana nawasema.

1. Mipaka yako iandikwe: hela, watu, na bosi akisafiri nani anaamua.

Nilishafanya kazi kampuni moja ya usambazaji hapa Dar, ilipokuwa ndogo wote tulikuwa tunaripoti kwa mzee na mambo yanaenda, maana asubuhi yuko stoo mchana yuko dukani. Tukafungua depo mikoani, akateuliwa meneja wa oparesheni, jina likabandikwa ukutani, lakini kila LPO, yaani karatasi ya kuidhinisha manunuzi, bado anasaini mzee. Sasa mzee yuko Guangzhou kufuata mzigo, Fuso ikapasua tairi mbili Gairo na ina mzigo wa mteja wa Dodoma. Meneja akaandaa LPO, mhasibu akasema kaka bila saini ya mzee hela sitoi, kumpigia hapatikani, WhatsApp tiki moja, si mnajua China haishiki bila VPN. Jamani ile karatasi ilishinda mezani kwa mhasibu imebanwa na stepla isipeperushwe na feni, tunaipita tunaiangalia, dereva anapiga simu mpaka anaishiwa salio. Mteja akahamia kwingine. Mzee aliporudi akamfokea meneja mbele ya madereva, "wewe si ndo meneja?" Mwezi haukuisha kaka wa watu akaacha kazi. Inaniuma mpaka leo, alikuwa mchapakazi kwelikweli, na mhasibu naye hakuwa na kosa.

2. Bosi akimwagiza kijana wako bila kukupitia, mfuate bosi faragha siku hiyo hiyo. Ukinyamaza, vijana watakuwa wanavizia gari la bosi getini.

3. Na msiniambie dawa ni kufuta mameneja. Google walijaribu kwa mainjinia wao mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndani ya miezi michache wakawarudisha, watu walikuwa wanamwendea Larry Page mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa Google, mpaka na maswali ya fomu za matumizi na ugomvi wao wa ofisini.

4. Majukumu kwa maandishi siyo hisani ya HR, yapo kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na yakibadilika mwajiri anatakiwa ayarekebishe na akujulishe kwa maandishi. Barua ya cheo ikija na hongera tupu, irudishe wajaze majukumu kabla hujaanza kubebeshwa lawama.