Barua kwa mwanangu aliye Pune, kuhusu Ayurveda na vidonge vyako vya sukari

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifikia na nimeisoma kwa utulivu. Unasema kwamba tangu hospitali ikuambie una kisukari cha aina ya pili, mwenzako wa kazini alikupeleka kwa tabibu wa Ayurveda, ile tiba ya jadi ya India, hapo Pune, naye akakaa nawe karibu saa nzima akikuuliza unalalaje, njaa yako huja wakati gani, choo chako kikoje, kazi inakuchosha kiasi gani, hata hasira zako unazimalizaje, ilhali daktari wa hospitali alikuandikia vidonge vya metformini vya kushusha sukari bila kukutazama usoni. Kisha unaniuliza kama tiba hii inayomtazama mtu kwa ujumla wake ni ya kweli, na kama ni ya kweli, kwa nini uendelee kumeza vidonge. Swali la pili lina jibu fupi, nami nalitanguliza ili lisipotee katikati ya maneno: usiviache. La kwanza linahitaji nafasi, na kwa kuwa mama yako ametumia umri wake wote wa kazi katika famasi, utanivumilia nikilijibu kwa urefu.

Tabibu yule hakuwa akikupotezea wakati. Maswali yake ndiyo vipimo vyake. Vitabu ambavyo elimu hiyo imesimama juu yake, yaani Charaka Samhita na Sushruta Samhita, vilivyokusanywa takriban miaka elfu mbili iliyopita, na Ashtanga Hridaya cha Vagbhata kilichofuata karne kadhaa baadaye, vinaeleza kuwa mwili unaendeshwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha, na kwamba kila mtu huzaliwa na mchanganyiko wake mwenyewe wa nguvu hizo. Ugonjwa ni kuvurugika kwa mchanganyiko huo, na uvurugikaji mara nyingi huanzia kwenye moto wa kumeng'enya chakula, ambao wao huuita agni. Ndiyo maana watu wawili wenye maumivu yaleyale ya viungo huweza kutoka kwa tabibu mmoja na maagizo tofauti kabisa. Sushruta naye, anapomweleza mtu mwenye afya, haishii kwenye nguvu hizo tatu, mmeng'enyo na utokaji wa taka mwilini, bali anataka pia nafsi, hisi na akili za mtu huyo ziwe na furaha. Kwa hiyo uliulizwa habari za hasira kwa sababu nazo zimo katika hesabu.

Hakuna mashine inayopima vata, nami siamini kuwa imo mwilini kama ilivyomo sukari katika damu. Nguvu hizo naziona kuwa njia ya kupanga maswali, na kwa kazi hiyo ni njia nzuri, maana zinamlazimisha tabibu aulize habari za usingizi na chakula kabla hajafungua kabati la dawa. Wala sisi watu wa Pwani hatupaswi kuliona jambo hili geni. Bibi yako alikuwa akigawa vyakula kuwa vya joto na vya baridi, mgawanyo unaofanana na ule wa tiba ya Wayunani iliyoenezwa na Waarabu, na Waarabu haohao ndio waliokifanya kitabu cha Sushruta kitafsiriwe kwa lugha yao kule Baghdad, enzi za Makhalifa wa Bani Abbas.

Kuhusu ugonjwa wako hasa, matabibu wale wa kale wa India waliuona vizuri kuliko unavyodhani. Waliandika juu ya mkojo mtamu unaovutia sisimizi. Sushruta akamtenga mgonjwa aliyezaliwa na maradhi hayo, ambaye huwa amekonda, na yule aliyeyapata kwa mwenendo wa ulaji, ambaye kwa kawaida huwa mnene, na mtu akisoma leo hawezi kukosa kuona jinsi alivyokaribia aina zetu mbili. Tiba ilikuwa shayiri, choroko, mboga chungu na kuushughulisha mwili. Mgonjwa maskini aliagizwa atembee yojana mia moja, yaani mamia ya kilomita, bila viatu wala mwavuli, au achimbe visima. (Kwenye viatu usimfuate: kisukari huua hisia za nyayo, na kidonda kidogo ambacho hukukihisi huweza kuishia kwenye kukatwa mguu.)

Sasa linganisha na utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliowafuatilia watu ambao sukari yao ilikwisha kuanza kupanda lakini hawajawa wagonjwa. Waliopunguza uzito na kufanya mazoezi angalau dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, na waliopewa metformini kwa asilimia 31. Hospitali nayo, basi, inajua kuwa mwili ni pamoja na miguu, sahani na kitanda, na kama daktari wako hakukuambia, nadhani ni kwa sababu ya foleni iliyokuwa nje ya mlango wake. Lakini zingatia kwamba wale walikuwa hawajaugua. Wewe umekwisha kuugua, na kutembea kwako kunaongezwa juu ya kidonge.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa Ayurveda hawalitaji na ambalo vitabu vyao vinalisema waziwazi. Charaka anayapanga magonjwa katika madaraja: yanayopona kwa urahisi, yanayopona kwa taabu, yanayoweza kutulizwa tu muda wote mgonjwa anapofuata masharti, na yasiyopona. Tabibu anayelishika lisilopona, anasema, atapoteza mali, elimu na jina lake. Na Sushruta anasema kwamba maradhi ya mkojo ya jamii hii yakipuuzwa hugeuka kuwa kisukari kisichotibika. Mtu akikuahidi kwamba atakung'oa kisukari kwa siku arobaini, basi hata kitabu chake mwenyewe kinamkana.

Charaka anasema tena kwamba tiba ina nguzo nne: tabibu, dawa, mhudumu na mgonjwa. Miongoni mwa sifa anazozitaka kwa mgonjwa ni kukumbuka, kutii maagizo, na kueleza hali yake bila kuficha. Hapa ndipo ninapoona uzito wa tiba hii, na ndipo wengi wanapoikimbia. Kumtazama mtu kwa ujumla wake ni kazi kubwa anayobebeshwa mgonjwa mwenyewe, ya kulala mapema, kula kwa wakati, kuacha soda na kutembea kila siku. Kopo la vidonge vya mitishamba linalonunuliwa mtandaoni, moja kwa watu wote, bila swali hata moja, ni kinyume cha kila kitu alichokufanyia tabibu yule. Tena lina hatari zake. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2008, ulipima bidhaa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, ukakuta risasi, zebaki au aseniki katika takriban moja ya tano. Sehemu ya madini hayo hutiwa kwa makusudi, kwa kuwa lipo tawi la elimu hiyo linalotumia metali zilizochomwa kuwa majivu. Ini na figo zako hazitajali kama sumu iliingia kwa makusudi au kwa uzembe.

Nawe usikidharau kidonge chako kwa kudhani ni kitu kigeni kisicho na udongo. Asili ya metformini ni mmea uitwao Galega officinalis, uliotumika zamani huko Ulaya, na Mfaransa Jean Sterne ndiye aliyetangaza matumizi ya dawa yenyewe kwa kisukari mwaka 1957.

Kwa hiyo rudi kwa tabibu yule, sikukatazi. Muulize kama ana BAMS, yaani shahada ya tiba ya Ayurveda, ambayo huko India husomwa kwa miaka mitano na nusu ukijumlisha mwaka wa mazoezi, na kama amesajiliwa. Mweleze kwamba unameza metformini na kiasi gani. Akikupa karela, lile tunda chungu linalopikwa kama mboga, au uwatu kama dawa, mwambie na daktari wa hospitali, kwa sababu vyote viwili huweza kushusha sukari, na siku utakapoongezewa dawa kali zaidi, kama insulini, sukari inaweza kushuka mno ukaanguka. Ratiba ya kulala na kula aliyokupa ifuate yote. Baada ya miezi mitatu pima tena kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa muda huo, na kama kimeshuka, daktari ndiye wa kupunguza dozi, huku tabibu akijua.

Umesema amekuagiza pia ununue kopo la vidonge vyeusi. Usilifungue bado. Lipige picha pande zote, hasa palipoandikwa viambato na jina la kiwanda, unitumie.

Mama yako