Maswali ya wasomaji: Kujaza arei kabla programu haijawaka

SWALI: Mambo vipi, nina Arduino Uno (bodi ndogo ya kuprogramu), nataka tebo ya namba 256 inayonipa kila baiti ina biti ngapi za moja. Saivi naijaza kwa lupu kila bodi ikiwaka. Naweza kuijaza wakati wa kukompaili, yaani kodi ikigeuzwa kuwa programu ya chipu?

JIBU: Unaweza kabisa ndugu yangu, tena usiandike namba 256 kwa mkono, hapo lazima ukosee mahali. Tumia makro (majina mafupi yanayobadilishwa kuwa kodi kamili wakati wa kukompaili) zinazoitana:

#define B2(n) n, n+1, n+1, n+2
#define B4(n) B2(n), B2(n+1), B2(n+1), B2(n+2)
#define B6(n) B4(n), B4(n+1), B4(n+1), B4(n+2)

Kwenye arei, yaani hiyo tebo yako, unaandika B6(0), B6(1), B6(1), B6(2) basi. B2 inatoa namba 4, B4 inatoa 16, B6 inatoa 64, mara nne ndo 256 yako, na kompaila inajumlisha yenyewe kwahiyo bodi haifanyi hesabu yoyote. Hapa ni kujumlisha tu ndo maana n haina mabano, ukianza kuzidisha yaweke, la sivyo majibu yatakuja ya ajabu.

Sasa hili ndo wengi hawaambiwi: chipu ya Uno, ATmega328P, ina RAM (kumbukumbu ya kazi programu ikiwa inaendeshwa) ya kilobaiti 2 tu, na ukiandika const (yaani haibadiliki) peke yake tebo bado inakopiwa kwenye RAM. Ongeza neno PROGMEM ibaki kwenye flashi, kumbukumbu inapokaa programu yenyewe, kisha uisome kwa pgm_read_byte, ukiisoma kama arei ya kawaida utapata takataka.