Nimetangazwa mufilisi, na sasa kuna pesa ya ziada: ni yangu ama si yangu?

Maswali ya wiki hii karibu yote yanazunguka kitu kimoja, mtu ashatangazwa mufilisi na korti, mambo yakaanza kunyooka kidogo, kapata ovataimu ama kibarua cha pembeni, sasa anauliza hiyo pesa ni ya nani. Nimechagua machache.

Mimi ni nesi, naishi Kayole na watoto wawili. Nilitangazwa mufilisi mwaka jana. Hospitali nyingine inaniita shifti za usiku wikendi. Si pesa yote itaenda kwa wanaonidai? Naona afadhali nilale tu.

Dada, usilale. Haiendi yote.

Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015 inaangalia mali kivyake na mshahara kivyake. Mali unayopata kabla hujaachiliwa, yaani kabla ufilisi wako haujaisha kisheria, inaingia mikononi mwa trastii, yule msimamizi anayekusanya vitu vyako kwa niaba ya wanaokudai. Lakini pesa ya jasho lako, trastii anaweza kukuitisha mchango wa kila mwezi, ila kwanza akuachie cha kutosha kukutunza wewe na watoto kwa kiasi cha haki. Hakuna jedwali la namba linalosema nesi wa watoto wawili abaki na shilingi ngapi, kwa hivyo kila kitu kinaegemea bajeti utakayompelekea.

Na hapa ndipo watu huniudhi kidogo, juu wanaandika bajeti ya mtu anayeishi kwa hewa, wanaona aibu, halafu miezi miwili baadaye wanalia hawawezi kulipa walichokubali wenyewe. Andika kodi, tokeni za stima, gesi, maji ya mtungi mifereji ikikauka, karo, pesa ya dawa unayomtumia mama ushago kama unatuma kweli kila mwezi, nauli ya usiku ambayo sote tunajua haifanani na ya mchana, na msichana wa kulala na watoto ukiwa kazini, maana bila yeye hiyo shifti haipo. Tuseme wikendi zinakuletea 12,000 kwa mwezi: toa ushuru na makato mengine, toa nauli 2,000, toa 4,000 ya msichana, pengine unabaki na elfu nne hivi. Hiyo elfu nne ndiyo ya kwenda kuzungumzia na trastii, si 12,000.

Lingine, mwambie mapema. Mabadiliko ya kazi, anwani na mapato unatakiwa uyaripoti, si hiari. Akikuta mwenyewe kwenye statementi yako ya M-Pesa, mazungumzo yatakuwa mengine kabisa, na hata bajeti yako ya kweli ataanza kuitilia shaka.

Nataka kuuza mitumba Gikomba Jumamosi na Jumapili, mtaji natoa kwa mshahara wangu. Kuna shida?

Iko, lakini si ya mtaji. Mufilisi ambaye bado hajaachiliwa hafai kuanzisha wala kuendesha biashara bila ruhusa ya trastii ama korti, hata kama ni meza moja na beli moja. Na wengi hawajui kwamba hata kuajiriwa na jamaa yako kunahitaji hiyo ruhusa, kwa hivyo ile mbinu ya "nitaandika biashara kwa jina la shemeji halafu yeye aniajiri" ndugu yangu haijaanza leo, wenye sheria waliiona kitambo. Omba ruhusa kwa barua, eleza unatarajia kuuza kiasi gani, weka daftari. Mtu mwenye daftari anasikizwa.

Babu ameniachia kiploti huko Murang'a. Na bahati nzuri ama mbaya, nilishinda beti pia.

Pole na hongera. Zote mbili, ukizipata kabla hujaachiliwa, zinaenda kwa trastii. Huu si mshahara, ni mali. Usimwambie mjomba "shikilia kwanza hati kwa jina lako", kuficha mali ukiwa mufilisi ni kosa la jinai.

Kaka yangu yuko Toronto, amefilisika huko, anasema akifanya ovataimu wanachukua nusu. Ananidanganya ili asitume pesa nyumbani?

Hahaha, hapana mama, safari hii anasema ukweli, ingawa si ukweli wote. Kule Kanada serikali inaweka kila mwaka kiwango cha mapato kulingana na idadi ya watu nyumbani, na kinachozidi hicho kiwango ndicho kinachokatwa nusu, si ovataimu yote. Akizidisha dola 600 kwa mwezi analipa 300. Uchungu wenyewe uko kwa muda: mtu anayefilisika mara ya kwanza huachiliwa baada ya miezi 9, lakini wastani wa ziada yake ukifika dola 200 kwa mwezi ama zaidi, miezi inakuwa 21. Sasa hesabu mwenyewe, mtu anaweza kukimbilia ovataimu kidogo tu akajiongezea mwaka mzima wa kulipa. Akae na trastii wake wapige hesabu kabla ya kusema ndio kwa bosi. Usimkasirikie sana.

Nina madeni ya 260,000, mengi ni loni za simu, sina gari sina shamba. Niliingia ule utaratibu wa watu wasio na mali kabisa. Mwezi uliopita nimepata kazi. Ninyamaze?

Usinyamaze. Huo utaratibu ni wa madeni kati ya 100,000 na 400,000, kwa mtu asiye na mali ya kuuzwa wala uwezo wa kulipa, na baada ya miezi 12 madeni yanafutwa, sio yote lakini mengi. Kwa sababu msingi wake ni kwamba huna uwezo, ukipata uwezo unatakiwa kusema. Kazi ya mshahara mdogo haimaanishi moja kwa moja utatolewa, inategemea kama kweli kuna kinachobaki baada ya kula na kulipa nyumba. Ukinyamaza halafu ijulikane, unarudi kwa wale wanaokupigia simu saa kumi na mbili asubuhi, na safari hii huna pa kujificha.

Walionidhamini kwa sacco je, wako salama mimi nikishatangazwa mufilisi?

Hapana. Kufilisika kwako hakumwachilii mdhamini, hata ukishaachiliwa wewe, yeye bado anadaiwa. Wapigie simu kabla hawajaona makato kwa pesilipu.

Nimemaliza miaka mitatu tangu korti initangaze, nimepandishwa cheo na mshahara. Sasa ni wangu wote, si ndio?

Polepole. Miaka mitatu haihesabiwi kutoka siku korti ilipotoa amri, inahesabiwa kutoka siku ulipowasilisha ile taarifa ya hali yako ya kifedha. Nimeona watu wakiikalia hiyo fomu miezi minane nyumbani, chini ya godoro, wakidhani saa inatembea. Pia trastii ama anayekudai anaweza kupinga uachiliwe. Ukishaachiliwa kweli, mshahara mpya ni wako, ila deni la ulaghai na matunzo ya mtoto uliyoamriwa na korti hayafutiki. Kwa hivyo kabla hujaenda kuangalia nyumba ya kupanga Kilimani, tafuta ile nakala yenye muhuri uone taarifa yako ilipokelewa tarehe ngapi.