Mtoto nyumbani, kipindi saa 1 asubuhi: kupanga malezi ukiwa chuoni

Mzazi anayesoma chuo hapa Tanzania huwa hakosi mlezi. Yupo dada wa kazi, yupo mama mdogo, kipo kituo cha mtaani. Anayekosekana ni mtu wa siku ile dada amepigiwa simu kuwa kwao kuna msiba, na wewe una tesiti saa 2. Kabla hujalipia chochote, andika majina matatu: mlezi wa kila siku, mtu anayeweza kufika ndani ya saa moja, na mtu wa kukaa na mtoto kipindi chote cha UE, yaani mitihani ya mwisho wa semesta. Ukiona jina la pili au la tatu halipo, litafute kabla ya usajili. Wiki ya tano ya semesta ukianza kupiga simu, ndugu wote wameshapanga mambo yao.

Bei ya kituo isikutangulie. Anza na ratiba. Vyuo vikubwa hupanga vipindi tangu saa 1 asubuhi, na vya mwisho huisha giza limeingia, wakati vituo vingi vya kulelea watoto mchana hufunga saa 10 au 11 jioni. Anayeishi Mbezi na kusoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwa na kipindi saa 1, inabidi amkabidhi mtoto alfajiri kabla kituo chochote hakijafunguliwa. Vipindi vikubwa huwezi kuvihamisha, ila makundi ya semina unaweza. Nenda kwa mwalimu wa somo wiki ya kwanza au ya pili, majina hayajafungwa, umwambie una mtoto na unaomba kundi la mchana. Wengi wao hukubali ukiwahi. Vyuo vingi vinataka mahudhurio ya asilimia 75, kwa hiyo kundi la semina lililokaa vibaya linaweza kukuzuia kuingia kwenye mtihani hata kama somo unalijua.

Swali la kituo kiwe karibu na nyumbani au karibu na chuo lina jibu. Kama mtoto ananyonya, karibu na chuo, ili uende kumnyonyesha kati ya vipindi. Kama ameshaacha na kuna mtu mwingine wa kumfuata jioni, karibu na nyumbani. Kumpandisha mtoto wa mwaka mmoja daladala iliyojaa mara mbili kwa siku kunamchosha yeye na wewe, na mafua hayataisha.

Ukienda kukagua kituo, usitoe taarifa. Fika saa 5 asubuhi, kisha rudi siku nyingine muda wa kuchukua watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo hivi visajiliwe, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ndiyo ya kuuliza. Omba uone cheti. Kisha angalia yale ambayo cheti hakikuonyeshi: jiko la gesi au la mkaa liko wapi, ndoo za maji zimefunikwa, geti linafungwa na nani, watoto wanalala kwenye nini. Hesabu walezi. Kwa watoto wachanga, mlezi mmoja akizidisha wanne ujue kuna anayelia bila kubebwa. Uliza mtoto akipata homa wanafanya nini. Jibu zuri ni kwamba wanakupigia simu kwanza, hawampi dawa. Waachie orodha ya watu wanaoruhusiwa kumchukua, wenye majina na namba za simu, na usikubali "tutamjua tu".

Mtoto kulia ukimwacha wiki mbili za mwanzo ni kawaida. Kinachopaswa kukushtua ni mtoto kurudi kila siku amelala fofofo na usiku hachangamki. Wako walezi wanaowapa watoto dawa ya mafua yenye usingizi ili watulie. Ukiona hivyo, au alama mwilini, au hofu ya mtu mmoja tu, mtoe siku hiyohiyo na uripoti ustawi wa jamii. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure. Angalia pia mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki, kwa sababu mtoto asiyelishwa vizuri mchana huonekana pale mapema kuliko anavyoonekana kwa macho.

Kuhusu dada wa kazi, mchukue mwenye miaka 18 na kuendelea. Sheria inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, na kuanzia umri huo inaruhusu kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kulea mtoto mchanga kutwa nzima peke yake si kazi nyepesi. Pata kitambulisho chake, mdhamini anayejulikana, na mtambulishe kwa mjumbe au serikali ya mtaa. Kazi yake iwe mtoto. Ukimuongezea kufua, kupika na kuuza barafu, mtoto ndiye atakayepunguziwa.

Kwenye mshahara wa dada ndipo wengi wanapokwama, na chanzo ni bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, sawa na 600,000 kwa siku 60. Huja kwa mkupuo, na mara nyingine huchelewa. Dada haelewi kuchelewa kwa bumu, wala hana sababu ya kuelewa. Mshahara wake ukipita wiki mbili anaondoka, na huondoka katikati ya semesta. Mkupuo ukiingia, toa kwanza mshahara wa miezi miwili au ada ya kituo ya miezi miwili, uweke kwenye akaunti au laini ya simu ambayo huitumii kununulia vocha. Kinachobaki ndicho cha kula na stesheneri. Kama hakitoshi, tafuta mzazi mwenzako wa kozi nyingine mchangie dada mmoja, mradi nyumba iwe moja na watoto wasizidi wawili. Wazazi wawili wenye ratiba tofauti wanaweza hata kulea kwa zamu bila dada, ila zamu iandikwe, isiwe ya kuelewana tu.

Kwa anayenyonyesha, maziwa ya kukamua yanaokoa mengi. Osha mikono, kamua kwenye chombo safi chenye mfuniko, andika tarehe na saa. Kwenye joto la nyuzi 25 yanakaa kwa muda usiozidi saa nne tangu kukamuliwa. Dar es Salaam mwezi wa Februari usiyaache muda huo, yaweke kwenye friji ambamo hukaa hadi siku nne. Yasichemshwe. Chombo kiwekwe ndani ya bakuli la maji ya moto mpaka yapate uvuguvugu, mtoto anywe kwa kikombe, yatakayobaki yamwagwe. Ukiwa chuoni kamua kila baada ya saa tatu hivi. Titi likijaa muda mrefu huvimba, huuma, na maziwa hupungua. Zahanati ya chuo au ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ni mahali pa kuombea chumba chenye faragha. Omba; wengi hawakujua tu kama kuna anayehitaji.

Kumpeleka mtoto kwa bibi ni msaada mkubwa, ila una masharti yake. Mtoto wa chini ya miezi sita abaki na mama. Ukimpeleka, kaa naye huko angalau wiki moja kabla hujaondoka. Kadi ya kliniki na nakala ya cheti cha kuzaliwa viende naye, na bibi aonyeshwe tarehe za chanjo. Ya surua na rubela ni miezi 9 na miezi 18, na ya pili ndiyo inayosahaulika sana. Kubalianeni kiasi na tarehe ya kutuma matumizi. Matibabu ya watoto chini ya miaka mitano yana msamaha katika vituo vya serikali, lakini dawa zikiisha dirishani bibi atanunua nje, kwa hiyo aachiwe akiba ya dharura tofauti na ya maziwa.

Fildi huvuruga mpango uliokuwa umekaa sawa. Wakati wa kuchagua kituo cha mafunzo kwa vitendo, jaza mkoa anakoishi bibi au dada yako wa damu, siyo mkoa ambao rafiki zako wanakwenda. UE nayo haifuati ratiba ya vipindi, na mitihani ya Jumamosi ipo wakati vituo vingi vimefungwa. Mtoto akilazwa siku ya mtihani, usikae kimya hospitalini. Andika barua kwa mkuu wa idara kabla mtihani haujaanza, ambatisha cheti cha daktari, chukua nakala iliyogongwa muhuri. Kutotokea bila ruhusa ni kosa linaloweza kukuondoa chuoni. Ukiona semesta nzima haiwezekani, kuahirisha masomo kwa maandishi ni bora kuliko kupotea, na Bodi ya Mikopo ijulishwe. Kwa ambaye hawezi kabisa kuhudhuria kila siku, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina vituo mikoani.

Na mzazi mwenzio? Akikwepa matunzo, anza ofisi ya ustawi wa jamii ukiwa na cheti cha kuzaliwa, ujumbe wa simu na risiti za matumizi. Wao huita pande zote mbili na kuandika makubaliano. Yakishindikana, shauri linakwenda mahakamani chini ya Sheria ya Mtoto. Peleka mapema, mtoto akiwa mdogo, na usikubali ahadi ya mdomo kwamba ataanza kutoa ukishamaliza chuo.