Barua kwa mwanangu: mfuko wa pajani ulitoka wapi

Mwanangu, swali lako la WhatsApp nimeliona jana usiku nikiwa nimechoka, nikasema nitakujibu nikitulia. Umeuliza mbona suruali za jeshi zina mifuko mikubwa mapajani na mbona ni pana vile wakati nyie vijana mnataka za kubana. Sasa umemuuliza mtu aliyezeekea kwenye cherehani, vumilia.

Zamani suruali ya askari haikushonwa kwa ajili ya askari, ilishonwa ili mkubwa akikagua gwaride aone raha. Chukua Wafaransa, tangu 1829 askari wao wa miguu walivaa suruali nyekundu kabisa. Waingereza walionja risasi za Makaburu kule Afrika Kusini, kufika 1902 wakawa wamehamia kaki, Wajerumani nao wakaenda kwenye kijivu, Mfaransa akagoma. Waziri wa vita Messimy alipotaka kuibadilisha akapigiwa kelele, na Étienne, ambaye naye aliwahi kushika wizara hiyohiyo, akasema suruali nyekundu ndiyo Ufaransa yenyewe! Na kichekesho ni kwamba rangi yenyewe siku hizo ilikuwa ya viwandani, na sana sana wanainunua kwa Mjerumani. Sheria ya kubadili kitambaa ikapita Julai 1914, Agosti Vita Kuu ya Kwanza hiyo hapo, kitambaa kipya hakijafika, vijana wakaingia vitani na nyekundu zao, na tarehe 22 Agosti peke yake walikufa kama 27,000. Sisemi suruali ndiyo iliyowaua, mizinga na rashasha zingewamaliza hata wangevaa majani, lakini jamani. Baadaye ndo wakaanza kugawiwa suruali za bluu za kuvaa juu ya zile nyekundu.

Haya, mfuko wako. Waingereza walishakuwa na mfuko mmoja pajani wa kuwekea ramani, ila hii mikubwa miwili mnayoipenda ni ya Wamarekani wa miavuli, 1941, kapteni mmoja anaitwa William Yarborough ndiye aliyeibuni. Mtu anaruka kutoka kwenye ndege, akitua hajui ataonana lini na mizigo mingine, kwa hiyo chakula, risasi, mabomu ya mkono, vyote anavyo mwilini. Tatizo mfuko ukijaa unapigapiga paja na unaweza kuchanika. Basi kabla ya kuvamia Normandy, pwani ya Ufaransa, 1944 wale mafundi wa miavuli, si wana mashine nzito za kushonea, wakabandika viraka vya turubai magotini na kwenye viwiko, wakashonea na tepe za kufungia mfuko ukae kwenye paja. Hapo ndipo ninapopapenda mimi. Na mwaka huohuo wakaletewa suruali mpya, M-1943, haina ile mifuko! Jamaa hawakukubali, zikarudi kwa mafundi walewale zikashonewa mifuko.

Upana nao una sababu, hasa kwenye joto na maji. Vitani Vietnam Wamarekani walivaa suruali ya poplini, kitambaa chepesi cha pamba, pana, ikilowa inakauka upesi, na wengi waliacha kabisa kuvaa chupi kwa ajili ya fangasi na michubuko (usicheke). Toleo la kwanza vifungo vilikaa nje vikawa vinanasa vichakani, ikabidi vifunikwe na kitambaa. Hayo ya kubana mwanangu, chuchumaa na mzigo mgongoni uone pale msambani. Wamarekani juzi juzi tu huko Iraq na Afghanistan suruali zilikuwa zinawapasukia hapohapo, wakalalamika mpaka mshono ukaimarishwa. Halafu kuna fundi mwenzangu sijui aliwaza nini akaweka velkro, ile tepe ya kubandika na kubandua, kwenye mifuko, velkro ikijaa mchanga haishiki, na usiku ukiifungua inalia krrr adui anasikia. Kelele zikapigwa, 2010 mfuko wa pajani ukarudishiwa vifungo.

Na vile vifungo vya mbele badala ya zipu usione ni ushamba. Zipu ikikufia porini imekufa, fundi utamtoa wapi, kifungo kikidondoka sindano na uzi vinatosha. Yako ya mtaani nitakuwekea zipu, ila kitambaa leta cha rangi moja, mabaka sishoni, sitaki kesi.

Mama