Perak kwa wiki moja pamoja na mzee na watoto: anzeni Taiping, si Ipoh

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba mtakuwa Malaysia kwa wiki moja, wewe na mwenzio, watoto wawili wa umri wa shule na mama yako mzazi, na kwamba mnapenda mambo ya kale na misitu kuliko maduka. Mchangiaji mmoja amekushauri mbaki Kuala Lumpur kisha mmalizie kisiwani Langkawi, na mwingine amesema jimbo la Perak linamalizika kwa siku moja ya kuzunguka Ipoh, mji mkuu wake. Mimi niliishi nchini humo nikiwa mwanafunzi na baadaye nikiwa kazini, na Perak ndiko nilikowapeleka wageni wengi waliokuja kunitembelea kutoka nyumbani. Naunga mkono mwende Perak, ila hiyo siku moja ya Ipoh siikubali.

Perak haina kivutio kimoja kikubwa ambacho mtu hupiga picha mbele yake akaenda zake. Sehemu nyingi za kupendeza mtakazoziona huko zimeachwa na kazi za watu: ziwa lilikuwa shimo la kuchimbia bati, na msitu umekatwa na kupandwa upya kwa zaidi ya karne moja. Ndiyo maana huwa nawaambia watu wasitenge siku ya historia na siku nyingine ya maumbile, kwani katika jimbo hili mambo hayo mawili hayaachani, na mahali yanapoonekana wazi zaidi ni upande wa kaskazini, yaani Taiping, Kuala Sepetang na Kuala Kangsar. Fanyeni Taiping kuwa kituo chenu. Treni ya umeme inatoka Kuala Lumpur, inapita Ipoh kwa mwendo wa takribani saa mbili na nusu, kisha inaendelea hadi Kuala Kangsar na Taiping, na kwa mtu mzima mwenye magoti mabovu safari hiyo ni nyepesi kuliko gari.

Taiping ilikua kwa sababu ya bati. Katikati ya karne ya 19 wachimbaji wa Kichina waliokuwa chini ya vyama viwili mahasimu, Ghee Hin na Hai San, walipigana vita vya mara kwa mara katika eneo hilo la Larut tangu 1861, na vita hivyo ndivyo vilivyowapa Waingereza kisingizio cha kuingia kwa Mkataba wa Pangkor wa 1874. Bustani ya maziwa iliyopo leo katikati ya mji ni mashimo ya machimbo hayo yaliyojaa maji, yakageuzwa kuwa mahali pa kupumzikia tangu miaka ya 1880. Pembezoni mwa ziwa kuna miti mikubwa iliyopandwa zama hizo, ambayo matawi yake yamevuka barabara nzima na kuinama hadi karibu kuyagusa maji upande wa pili, na mama yako anaweza kutembea chini yake asubuhi bila kupigwa na jua. Makumbusho ya Perak, yaliyofunguliwa mwaka 1883 na ambayo ndiyo ya kale kuliko yote nchini, yako karibu, yakitazamana na gereza la zamani la 1879. Chukueni miavuli, na msiione kama tahadhari ya ziada: Taiping hupata takribani milimita 4,000 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dar es Salaam, na mara nyingi mvua hiyo hushuka alasiri. Matembezi yawe ya asubuhi.

Sasa Kuala Sepetang, ambayo ningekuomba uipe siku nzima hata kama utapunguza mahali pengine. Ni kijiji cha wavuvi kilichoitwa zamani Port Weld, na reli ya kwanza katika majimbo ya Kimalay, yenye urefu wa takribani kilomita 13, ilijengwa mwaka 1885 ili kufikisha bati la Taiping kwenye bandari hiyo. Reli imeng'olewa, lakini kibao cha stesheni bado kipo, kimeandikwa kwa lugha nne. Kijiji kimezungukwa na msitu wa mikoko wa Matang, wenye hekta zipatazo 40,000, uliotengwa kuwa hifadhi ya serikali mwanzoni mwa karne ya 20. Hapo ndipo msomaji wa kwetu aliyezoea habari za mikoko ya Rufiji na Lamu atashangaa, kwa sababu hifadhi hiyo haikufungwa kwa wakataji. Msitu umegawanywa katika vitalu. Kila kitalu hukatwa chote kikitimiza umri wa takribani miaka 30, kisha hupandwa upya, na miti hupunguzwa mara mbili kabla haijakomaa. Nguzo zinazopatikana katika kupunguza huko huuzwa kwa ujenzi, kama tunavyouza boriti, na miti iliyokomaa huenda kwenye matanuri ya mkaa. Hapo awali kuni za msitu huu ziliwasha moto wa migodi na reli. Matanuri ya mkaa yalikuja baadaye, katika miaka ya 1930.

Matanuri hayo yanatembelewa, na bado yanafanya kazi. Ni makuba makubwa ya matofali na udongo yaliyopangwa kwa safu chini ya paa refu, na mlango wake ni mdogo kiasi kwamba mtu huingia ameinama. Magogo huletwa kwa mashua kupitia mfereji maji yakijaa, huondolewa magome, kisha husimamishwa wima ndani ya tanuri, moja pembeni ya jingine. Moto huwashwa mlangoni, nje ya magogo, kwa hiyo miti haiungui bali hukaushwa kwa joto hadi maji yote yatoke. Kutoka kupakia hadi kufungua hupita takribani mwezi mmoja, na tani 40 za miti mibichi huacha kama tani 10 za mkaa. Mama mkwe wangu, ambaye ni mtu wa Pemba na amepika kwa mkaa maisha yake yote, alimuuliza fundi kupitia kwangu anajuaje kwamba tanuri limeiva ilhali mlango umezibwa. Fundi alimpeleka kwenye tundu la pembeni, akapitisha kiganja juu ya moshi kisha akakinusa, akamwashiria naye afanye vivyo hivyo. Moshi wa mwanzo ni mzito na una unyevu. Ukiwa mwepesi na harufu yake ikabadilika, kazi imekwisha. Mama alirudi akisema kwamba ule mkaa unaogonganishwa ukalia kama chuma hajapata kuuona sokoni Chake Chake. Sehemu kubwa ya mkaa huo huuzwa Japani.

Jioni kuna mashua zinazowapeleka watu mtoni kutazama vimulimuli, ambao hukusanyika kwenye miti fulani ya kingoni na kumeta kwa pamoja. Hili watoto wako watalipenda. Chagueni usiku usio na mbalamwezi, na mwombeni nahodha azime taa ya mashua, kwani wapo wanaowamulika wadudu hao kwa kurunzi ili wageni wapige picha, jambo ambalo linaharibu kile kile mlichokifuata. Chakula kijijini ni cha baharini na sehemu kubwa ya migahawa ni ya Wachina, kwa hiyo kwa familia ya Kiislamu ni afadhali kula Taiping kabla ya kwenda, au kuulizia mgahawa wa Wamalay.

Kuala Kangsar ndiyo makao ya sultani, na iko njiani kati ya Taiping na Ipoh. Wengi huenda kwa ajili ya Msikiti wa Ubudiah, uliobuniwa na Arthur Benison Hubback kwa amri ya Sultan Idris na kukamilika mwaka 1917, na hakika kuba lake la dhahabu linastahili. Husimuliwa kwamba ujenzi ulichelewa kwa sababu ndovu wa kifalme walipigana juu ya marumaru zilizoagizwa Italia wakazivunja, zikaagizwa nyingine. Mimi ningewavusha mto hadi Sayong, wanakofinyanga mitungi myeusi yenye umbo la kibuyu. Mtungi ukishachomwa hutolewa ukiwa bado wa moto na kufukiwa katika pumba za mpunga, na moshi wa pumba hizo ndio unaoutia weusi, rangi haitumiki. Maji hubaki ya baridi ndani yake. Kule mjini, karibu na ofisi ya wilaya, kuna mmoja wa miti ya mpira ya kwanza iliyopandwa nchini humo mwaka 1877, ambao mtu anaweza kuupita bila kuutambua. Na msiondoke bila kuonja laksa ya hapo, ambayo ni tambi nene katika mchuzi wa samaki.

Kuna jambo la historia ambalo Mswahili atalielewa haraka kuliko watalii wengine. Mwakilishi wa kwanza wa Waingereza, J. W. W. Birch, aliuawa Pasir Salak tarehe 2 Novemba 1875, na Sultan Abdullah wa Perak, aliyeshukiwa kuhusika, alihamishiwa Ushelisheli mwaka 1877. Ni visiwa hivyo hivyo walikopelekwa baadaye Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro, na kisha Khalid bin Barghash wa Unguja. Huwa nashangaa kwamba waongoza watalii wa huko hawaitaji kabisa njia hii ya Bahari ya Hindi.

Ipoh ipewe siku moja, wakati wa kurudi. Stesheni yake ni kazi nyingine ya Hubback, na mahekalu ya Wachina yaliyojengwa ndani ya mapango ya vilima vya chokaa, hasa Perak Tong lililoanzishwa mwaka 1926, yanavutia hata kwa asiyekuwa wa dini hiyo. Vichochoro vilivyojaa picha za ukutani na foleni za kahawa mnaweza kuvipita kwa saa moja. Kinachonisikitisha zaidi mjini humo ni kuona upande mmoja wa kilima ukisifiwa katika vipeperushi vya utalii na upande wa pili ukibomolewa na mashine za kuchimba mawe ya saruji. Watoto wakipenda mitambo, kusini kidogo, Tanjung Tualang, kuna mtambo unaoelea wa kuchimbia bati, uliojengwa mwaka 1938 na kusimama kazi mwaka 1982, ukubwa wake ni wa jengo la ghorofa kadhaa.

Bonde la Lenggong, lililoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2012, ni muhimu sana kielimu. Ndiko yalikopatikana mwaka 1991 mabaki ya mtu anayeitwa Mtu wa Perak, aliyezikwa pangoni zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Hata hivyo, kwa mtu aliyekwisha kufika Olduvai, vitu vya kuona kwa macho ni vichache, na nisingemchosha mzee kwa hilo peke yake.

Mbali zaidi, karibu na mpaka wa Thailand, ipo Royal Belum, hifadhi ya hekta 117,500 iliyotangazwa mwaka 2007, yenye aina 10 za hondohondo, na chui milia, ingawa hao msiwatarajie, kwani Malaysia nzima imebakiwa na wasiofikia 150 wa porini. Huingii bila kibali cha mamlaka ya hifadhi za jimbo, na kibali huombwa mapema. Wakala mmoja aliwahi kuniambia kibali hupatikana gatini asubuhi ile ile. Wageni wangu wakaishia kuzunguka ziwa la Temenggor nje ya mpaka wa hifadhi, kwa bei ya kuingia. Dai nakala ya kibali yenye majina yenu kabla ya kulipa. Ndani ya hifadhi wanaishi Wajahai, wenyeji wa asili wa msitu huo. Boti nyingi husimama kijijini kwao, nanyi ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa za watoto. Kwa kuwa mna mama mzazi, na njia za kwenda kutazama maua ya rafflesia zina mteremko, utelezi na ruba, ningewashauri Belum muiache kwa safari hii na siku mbili ambazo ingezichukua mzirudishe Taiping. Ila kama mama mwenyewe atasisitiza, aende kwa boti na abaki gatini wakati nyinyi mkipanda. Upepo wa ziwani ni mzuri na hondohondo huruka hadi huko.